Pete ya almasi kwa bajeti ndogo: Je, mng'ao wa buluu ni kasoro au ni nafuu?

MIGORI ni kaunti ya dhahabu. Tangu enzi za ukoloni, mgodi wa Macalder ulipoanza kuvuma katika miaka ya 1930, wakazi wa Nyatike na viunga vyake wamezoea kuona mawe yakisagwa, yakioshwa na kupimwa kwenye mizani midogo ili kutafuta chembe za madini hayo. Almasi, kwa upande wake, haichimbwi huko wala katika kaunti jirani ya Homa Bay. Kenya nzima haina mgodi wa kibiashara wa almasi.

Hata hivyo, pete ya almasi imekwisha kubisha hodi. Vijana wanaopanga kufunga ndoa huiona kwenye simu zao, huiulizia kwa masonara wa Kisumu na Nairobi, au humwagiza ndugu anayefanya kazi Dubai au Marekani. Wanapoanza kulinganisha bei, wengi hukumbana na jambo la kutatanisha. Mawe mawili yana uzito sawa, rangi sawa na usafi sawa, lakini moja linauzwa kwa bei ya chini kuliko jingine. Tofauti pekee ni mstari mmoja mfupi kwenye cheti, unaotaja neno fluoresensi.

Je, jiwe hilo la bei nafuu lina kasoro iliyofichwa, au ni bahati ya mwenye mfuko mwepesi? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi ni nafuu halali, mradi mnunuzi alitazame jiwe lenyewe mahali panapofaa kabla ya kulipa. Jibu refu linahitaji kuelewa mng'ao huo ni nini, unatoka wapi na kwa nini wafanyabiashara wanauogopa.

Fedha zinazogombewa

Swali hili si la matajiri pekee. Katika jamii ya Waluo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi mbili, pete haikuwa msingi wa ndoa. Ndoa ilijengwa juu ya mahari ya ng'ombe, ikitanguliwa na ayie, yaani ishara ya ridhaa ambayo kwa desturi humwendea mamake msichana. Wakuria wa Migori nao wana mila yao ya mahari ya mifugo. Kijana wa leo anayetaka kutimiza mila na kisha kuingia kanisani ana mizigo miwili: ng'ombe wa wakwe na pete ya bibi harusi.

Wapo pia wasiovaa pete kabisa. Kanisa la Waadventista Wasabato, lililotia mizizi eneo hili kupitia misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka wa 1906, kwa desturi limewahimiza waumini wake wajiepushe na mapambo ya vito. Kwa familia nyingi za Homa Bay, basi, suala la almasi halizuki.

Lakini kwa wale wanaoamua kununua, kila shilingi ina mwenyewe. Fedha zinazotumika kwenye jiwe ni fedha ambazo zingeweza kununua ndama, kulipa karo au kuongeza akiba katika chama. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni kipi hasa kinacholipiwa.

Mwanga usioonekana

Miale ya jua haiishii kwenye rangi zinazoonekana katika upinde wa mvua. Nje ya rangi ya urujuani kuna miale mingine ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona, nayo huitwa miale ya urujuanimno. Baadhi ya vitu vikipigwa na miale hiyo huinyonya, kisha hutoa mwanga wenye nguvu ndogo zaidi, ambao sasa jicho huuona. Mwanga huo ndio fluoresensi. Taa ikizimwa, mng'ao nao huzimika.

Neno lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1852 na mwanasayansi George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alilitoa kwenye jina la madini ya floraiti, ambayo hung'aa kwa namna hiyo. Madini hayo si mageni nchini Kenya, kwani kwa miaka mingi yalichimbwa Kimwarer katika Bonde la Kerio.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye kaunta ya duka. Wenye maduka mengi huwa na kijitaa cha rangi ya zambarau cha kukagulia noti. Noti halali ikiwekwa chini yake, karatasi yake hubaki imefifia huku alama maalumu zikiwaka. Karatasi ya kawaida, iliyotiwa kemikali za kuifanya iwe nyeupe, hung'aa yote kwa rangi ya buluu. Taa hiyo hutoa miale ya urujuanimno, na almasi yenye fluoresensi ikiwekwa chini yake nayo huwaka.

Almasi ni kaboni iliyobanwa kwa joto na shinikizo kubwa chini ya ardhi. Ilipokuwa ikiumbika, chembe chache za naitrojeni ziliingia mahali pa kaboni. Pale ambapo atomu tatu za naitrojeni zimezunguka nafasi moja iliyo tupu, jiwe hupata uwezo wa kunyonya urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu. Hivyo basi, mng'ao huo ni wa asili. Si ufa, si rangi ya kupakwa, na haulifanyi jiwe kuwa dhaifu wala hatari kwa mvaaji.

Jambo hili pia si la nadra. Kwa mujibu wa taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka wa 1931 na ambayo vyeti vyake vya almasi huheshimiwa kote duniani, takriban asilimia 25 hadi 35 ya almasi huonyesha fluoresensi ya kiwango fulani. Zaidi ya asilimia 95 ya hizo hung'aa buluu. Chache hung'aa njano, kijani au rangi nyinginezo.

Kusoma cheti

Cheti cha GIA hupanga mng'ao huo katika madaraja matano: hakuna, hafifu, wa wastani, mkali na mkali sana. Pale ambapo mng'ao ni wa wastani au zaidi, rangi yake pia hutajwa.

Mnunuzi anapaswa kufahamu kwamba mstari huo ni maelezo tu. Haumo katika vigezo vinne vikuu vinavyoamua hadhi ya almasi, ambavyo ni uzito, rangi, usafi na ukataji. Uzito hupimwa kwa karati, na karati moja ni sawa na gramu 0.2. Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D ambalo ni jiwe lisilo na rangi yoyote, hadi Z ambalo lina umanjano au ukahawia unaoonekana wazi. Usafi huhusu madoa na nyufa za ndani. Ukataji ni namna fundi alivyozipanga nyuso za jiwe ili mwanga unaoingia urudi kwa mtazamaji.

Katika vigezo hivyo, ukataji ndio unaobeba uhai wa jiwe. Almasi iliyokatwa vibaya huvujisha mwanga kwa chini na kuonekana imefifia hata ikiwa na rangi na usafi wa daraja la juu. Mwenye bajeti ndogo anayehangaishwa na fluoresensi huku akisahau ukataji amekamata mkia na kumwachilia ng'ombe.

Kwa nini bei hushuka

Zamani mng'ao wa buluu ulitafutwa. Wafanyabiashara walizisifu almasi hizo kuwa nyeupe zenye ubuluu, na baadhi ya wanunuzi walilipa zaidi. Sifa hiyo ilitumiwa vibaya, mawe yasiyostahili yakapachikwa jina hilo, na mwishowe imani ikageuka. Kufikia miaka ya 1990, jiwe la rangi ya juu, kwa mfano D, E au F, lenye mng'ao mkali liliuzwa kwa bei ya chini kuliko lisilo na mng'ao.

Sababu inayotolewa ni hofu ya ukungu. Inadaiwa kwamba almasi yenye mng'ao mkali ikitolewa juani huonekana kama imetiwa maziwa au mafuta, na kupoteza uangavu wake.

GIA ilichunguza dai hilo na kuchapisha matokeo mwaka wa 1997. Almasi za rangi mbalimbali na viwango mbalimbali vya mng'ao zilionyeshwa kwa makundi ya watazamaji, wakiwemo wataalamu na watu wa kawaida wanaonunua vito. Watu wa kawaida hawakuweza kubainisha athari yoyote ya mng'ao. Wataalamu nao, walipoyatazama mawe kwa upande wa juu kama yanavyoonekana kwenye pete, kwa jumla waliona yale yenye mng'ao mkali yakiwa na rangi bora kidogo, si mbaya zaidi.

Ukungu wenyewe upo, lakini ni adimu. GIA inasema kwamba chini ya asilimia 0.2 ya almasi zenye fluoresensi zinazopelekwa kwake ndizo zinazoonyesha hali hiyo. Utafiti mwingine wa taasisi hiyo, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulieleza kwamba mng'ao peke yake hauleti ukungu. Ukungu hutokana na chembechembe au hitilafu ndogo sana zilizomo ndani ya jiwe, na mng'ao mkali huweza tu kuuzidisha pale ambapo tayari upo.

Kwa maneno mengine, soko limewapa punguzo wengi kwa sababu ya kosa la wachache. Hapo ndipo penye nafasi ya mnunuzi mwenye fedha kidogo.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Jiwe lisilo na mng'ao linauzwa kwa Sh100,000. Jiwe jingine linalolingana nalo kwa kila kitu, lakini lenye mng'ao mkali, limepunguzwa kwa asilimia 10. Mnunuzi atalipa Sh90,000 na kubakiwa na Sh10,000 mfukoni. Anaweza kuzitumia kwa nauli ya wazee wanaopeleka mahari, au akazirudisha kwenye jiwe kwa kuchagua lililokatwa vizuri zaidi.

Kiwango cha punguzo hutegemea rangi na ukali wa mng'ao. Kwa mawe ya D hadi F yenye mng'ao mkali au mkali sana, kinaweza kukaribia au kufika asilimia 15. Kwa mng'ao hafifu, tofauti huwa ndogo mno au haipo. Kwa mawe ya rangi ya chini, kuanzia takriban I hadi M, punguzo huwa dogo, na wakati mwingine wauzaji huongeza bei kidogo.

Sababu ya hilo la mwisho inaeleweka vyema na yeyote aliyewahi kufua sare nyeupe za shule. Shati jeupe likianza kugeuka njano, kina mama huweka tone la buluu kwenye maji ya mwisho. Shati haliwi buluu. Buluu hukutana na njano, zikafutana, na jicho likaona weupe. Almasi ya rangi ya J au K ina umanjano kidogo. Mng'ao wa buluu ukiamshwa na mwanga wa jua, hupunguza umanjano huo na jiwe huonekana jeupe kuliko herufi yake.

Kwa mwenye bajeti ndogo, basi, mawe yanayofaa kuangaliwa kwanza ni yale ya rangi ya G hadi K, yaliyokatwa vizuri, yenye mng'ao wa buluu wa wastani au mkali. Mng'ao mkali sana haupaswi kukataliwa papo hapo, ila uchunguzwe kwa makini zaidi. Mng'ao wa njano ni jambo tofauti, kwani unaweza kuongeza umanjano badala ya kuupunguza. Huo ni afadhali kuuepuka.

Jua la ziwani na taa ya sebuleni

Mazungumzo mengi kuhusu fluoresensi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako kwa miezi mingi jua ni dhaifu. Hali ya Migori na Homa Bay ni tofauti. Kaunti hizi ziko karibu na ikweta, na Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Miale ya urujuanimno ni mikali mwaka mzima. Almasi yenye mng'ao itaamshwa na jua la Mbita au Rongo kuliko ambavyo ingeamshwa na jua la London mwezi wa Disemba.

Hilo lina pande mbili. Jiwe la rangi ya J litafaidika zaidi na weupe unaoletwa na mng'ao, hasa katika harusi inayofanyika chini ya hema mchana kweupe. Lakini jiwe lile adimu lenye ukungu litaonyesha ukungu wake waziwazi zaidi, na mvaaji atauona kila siku.

Ndani ya nyumba mambo hubadilika tena. Balbu za LED zinazotumika siku hizi hutoa miale michache sana ya urujuanimno, au haitoi kabisa. Usiku, sebuleni au hotelini, mng'ao hulala na jiwe huonyesha rangi yake ya asili. Mnunuzi aliyevutiwa na weupe wa almasi mlangoni mwa duka anaweza kushangaa kuona umanjano kidogo chini ya taa za nyumbani.

Kwa sababu hiyo, jiwe linapaswa kutazamwa mahali pasipopungua patatu. Kwanza, ndani ya duka chini ya taa za kawaida, mbali na zile taa kali zinazoelekezwa kwenye kabati la vito, ambazo hufanya hata kipande cha glasi kimetemete. Pili, nje kivulini mchana, chini ya mti au veranda, ambako mwanga wa anga una urujuanimno lakini haupofushi macho. Tatu, juani kwa muda mfupi. Ikiwa nje jiwe linabaki angavu na nyuso zake zinaonekana wazi, mng'ao wake hauna madhara. Ikiwa linaonekana kama glasi iliyopuliziwa pumzi, liachwe, hata kama punguzo ni kubwa namna gani.

Anayeagiza kutoka ng'ambo na asiyeweza kuliona jiwe anapaswa kumwomba ndugu au muuzaji amtumie picha za video zilizopigwa nje mchana, na ahakikishe kwamba ana haki ya kulirudisha. Bila mambo hayo mawili, ni heri achague jiwe lenye mng'ao hafifu au lisilo nao.

Je, ni almasi kweli?

Yote yaliyotangulia yanachukulia kwamba jiwe ni almasi. Kwa mnunuzi wa Migori, hili ndilo swali la kwanza.

Dhahabu ya eneo hilo hupatikana kwa kiasi kikubwa katika mishipa ya jiwe liitwalo kwatzi, ambalo huwa jeupe na wakati mwingine angavu kama kioo. Kipande safi cha kwatzi kinaweza kumshawishi asiyejua kwamba ameokota almasi. Jaribio maarufu la kukwaruza kioo halisaidii. Katika kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, almasi ni 10 na kwatzi ni 7, na vyote viwili hukwaruza kioo cha dirisha.

Ukaribu wa mpaka nao huzaa hadithi. Ni kweli kwamba kusini mwa Ziwa Victoria, mkoani Shinyanga nchini Tanzania, kuna mgodi mashuhuri wa Mwadui, ambao chimbuko lake ni ugunduzi wa mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka wa 1940. Huko ndiko lilikotoka jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana mwaka wa 1947 na kuzawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Likikatwa, lilibaki karati 23.6. Jiwe jingine la waridi la Mwadui, lenye karati 11.15 baada ya kukatwa, liliuzwa kwa mnada Hong Kong mwezi Oktoba 2022 kwa takriban dola milioni 57.7.

Sifa hizo ndizo zinazompa tapeli maneno. Mtu anayenong'ona Isebania kwamba ana almasi mbichi iliyovushwa kutoka Shinyanga kwa bei ya kutupa anauza mojawapo ya vitu viwili: jiwe lisilo na thamani au jiwe la magendo. Yote mawili ni hasara kwa mnunuzi.

Taa ya kukagulia noti nayo isigeuzwe hakimu. Kung'aa hakuthibitishi kwamba jiwe ni almasi, kwa kuwa vipo vito bandia vinavyong'aa. Kutong'aa nako hakuthibitishi kwamba ni bandia, kwa kuwa almasi nyingi hazina mng'ao. Taa hiyo husaidia kwa jambo moja dogo. Pete yenye mawe mengi madogo ya almasi asilia kwa kawaida huonyesha mchanganyiko, baadhi yakiwaka na mengine yakibaki giza. Mawe yote yakiwaka kwa namna moja ile ile, kuna sababu ya kuuliza zaidi. Anayeitumia asiielekeze machoni.

Masonara wengi wana kalamu ya kupima joto, kwa kuwa almasi hupitisha joto upesi kuliko glasi au zirkonia. Hata hivyo, jiwe la moisanaiti pia hupitisha joto vizuri na linaweza kuihadaa kalamu hiyo. Kipimo cha pili, kinachoangalia upitishaji wa umeme, huhitajika. Njia iliyo salama zaidi ni cheti kutoka taasisi huru, ambacho nambari yake inaweza kuthibitishwa kwenye tovuti ya taasisi iliyokitoa, na ambayo mara nyingi huwa imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe.

Vilevile kuna almasi za maabara. Hizi ni almasi halisi kwa kemia na ugumu, ila zimekuzwa kiwandani kwa muda wa wiki kadhaa. Bei yake imeporomoka sana katika miaka ya karibuni, na mwaka wa 2025 kampuni ya De Beers ilitangaza kufunga Lightbox, chapa yake ya vito vya aina hiyo. Kwa anayetaka jiwe kubwa linalometameta kwa fedha kidogo, almasi ya maabara inaweza kuwa ya bei ya chini mno kuliko ya asili yenye mng'ao. Lakini lazima iuzwe kwa jina lake. Kuuziwa ya maabara kwa bei ya asilia ni kulaghaiwa.

Thamani inayobaki

Almasi ndogo ni pambo, na si akiba. Anayeirudisha sokoni kwa kawaida hupata kiasi kidogo kuliko alichotoa, na jiwe lililonunuliwa kwa punguzo la mng'ao litadaiwa punguzo lilo hilo siku ya kuuzwa. Anayenunua ili avae maisha yake yote hapotezi kitu. Anayenunua akitarajia faida atajuta.

Dhahabu iliyolibeba jiwe ina hadithi nyingine, na wakazi wa Migori wanaijua vyema. Bei yake hufuata uzito na usafi. Hapa neno karati hurudi likiwa na maana tofauti, na wengi huchanganyikiwa. Kwenye almasi karati ni uzito. Kwenye dhahabu ni usafi, ambapo 24 ni dhahabu tupu. Pete yenye muhuri wa 750 ni ya karati 18, ya 585 ni ya karati 14, na ya 375 ni ya karati tisa. Katika pete nyingi za bei ya wastani zenye jiwe dogo, sehemu kubwa ya thamani itakayodumu imo katika chuma hicho cha njano, wala haimo katika jiwe.

Wanaofikiria kununua dhahabu ghafi machimboni ili kumpelekea sonara wanapaswa kuwa waangalifu. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 huwataka wanaofanya biashara ya madini wawe na leseni, na dhahabu inayotoka kwa wachimbaji wadogo, ambayo mara nyingi hukusanywa kwa zebaki, bado huhitaji kusafishwa kabla ya kuwa pete.

Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Lakini haki hiyo hutetewa kwa karatasi. Risiti inapaswa kuandika kama jiwe ni la asili au la maabara, uzito wake, rangi, usafi, kiwango cha fluoresensi, nambari ya cheti, uzito wa dhahabu na karati zake. Muuzaji anayesita kuyaandika aliyoyasema kwa mdomo amekwisha kujibu swali.

Baada ya hapo, jambo linalobaki ni dogo. Almasi hupenda mafuta, kiasi kwamba migodini yalitumika meza zilizopakwa grisi ili kuyanasa mawe hayo kutoka kwenye changarawe. Pete inayovaliwa jikoni Homa Bay, mbuta akikaangwa na mikono ikipakwa losheni, hufifia baada ya siku chache. Ukungu wa namna hiyo huwakera wavaaji wengi kuliko ule wa fluoresensi, na dawa yake ni maji vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini.

Mnunuzi wa Migori au Homa Bay mwenye bajeti ndogo anaweza kuyapanga maswali yake hivi: kwanza, je, ni almasi, na ni ya aina gani? Pili, imekatwa vizuri? Tatu, dhahabu yake ni ya karati ngapi? Nne, ikitolewa nje mchana inabaki angavu? Akiridhika na majibu hayo manne, mstari wa fluoresensi kwenye cheti haupaswi kumnyima usingizi. Unapaswa kumpunguzia bei.